Barua Iliyoshonwa kwa Cherehani

Binti yangu alipogundua kwamba barua pepe yangu nailipia kila mwaka, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama! Watu wote wanapata bure, wewe unalipa?" Nikamwambia ndiyo, nalipa, na nitaendelea kulipa. Kampuni yenyewe ni ndogo, hakuna anayeijua, lakini wanasema barua zangu hawawezi kuzisoma hata wakitaka, na niliowauliza wanaoelewa mambo hayo wamesema ni kweli. Zile kubwa za bure niliziacha. Basi akaniuliza nina siri gani mwanamke wa umri wangu. Hapo nilikasirika kidogo, maana swali hilo nililisikia Mpanda kabla yeye hajazaliwa, na aliyeniuliza alikuwa mama yangu mzazi. Ikabidi nimkalishe vizuri nimsimulie.

Miaka ya tisini nilikuwa nashona nguo kwenye kibaraza cha duka kubwa la vitambaa pale mtaa wa Kashaulili. Tulikuwa mafundi watano, mwanamke mimi peke yangu, vyerehani vimepangwa ukutani, mwenye duka yuko ndani nyuma ya kaunta. Mteja ananunua kitambaa kwake, anatoka nje hatua tatu, anapimwa na mmoja wetu. Kibaraza hatukukilipia. Mwenye duka tulimwita Mzee, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho, na yeye alituita wanangu.

Sanduku la posta nalo lilikuwa lake. Wakati ule wenye masanduku Mpanda walikuwa wa kuhesabu: ofisi, misheni, shule, na matajiri kama yeye. Sisi wengine tuliandikiwa kupitia kwao. Nusu ya mtaa wetu wa Majengo ilipata barua kwa namba ya Mzee, na wafugaji wa Kisukuma wa huko Sibwesa, na wakulima wa Mpimbwe wanaokuja kuuza mchele. Bure kabisa. Siku treni ya Tabora ikileta mfuko wa barua, Mzee alikwenda posta mwenyewe, akarudi na rundo, akalimwaga kwenye katoni ya sabuni juu ya kaunta. Unaingia, unachakura, unachukua yako. Na ukichakura unaona za wenzako: nani kaandikiwa, kutoka wapi, bahasha nene au nyembamba.

Za wasiojua kusoma alizifungua yeye, akazisoma kwa sauti mbele ya wateja. Walimshukuru sana, na kwa kweli aliwasaidia. Lakini mkono wake ukazoea. Ikawa barua inakufikia imebanduliwa na kugandishwa tena, na ukimuuliza anasema, "Nilidhani ni yangu, mwanangu. Si ina namba yangu?" Na kweli ina namba yake, sasa utasema nini? Kuna mfugaji aliandikiwa na mdogo wake kwamba analeta ng'ombe mnadani, akakuta Mzee keshamtuma mtu awanunue njiani kwa bei ya kutupa. Tulicheka pale kibarazani mpaka machozi. Tulimwona mjanja, tukamsifu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Kisha zamu yangu ikafika.

Nilikuwa nimemshonea sare binti mmoja wa Majengo anayesoma shule ya bweni ya masista, njia ya kwenda Tabora. Blauzi ya kola, sketi ya marinda. Sioni haya kusema: marinda yangu yalikuwa hayafumuki hata uyafue mtoni juu ya jiwe. Mkuu wa shule, naye ni Sista, akaiona ile sketi, akamuuliza binti kashonewa na nani, akapewa jina langu na namba ya sanduku. Akaniandikia. Alitaka fundi wa kushonea kidato cha kwanza chote.

Barua hiyo sikuiona. Nilichoona ni majora ya kitambaa cha bluu, na Mzee akitugawia kazi. Wenzangu wakapewa sketi na blauzi. Mimi nikapewa kutoboa matundu ya vifungo. Siku nane nilitoboa matundu, vidole vimevimba, nikimwonea Mzee wivu kwa kupata kazi nzuri namna ile.

Sista alipokuja na treni kuzichukua, alipita akitutazama mmoja mmoja, akasimama kwangu, akapitisha kidole kwenye tundu la kifungo.

"Wewe ndiye uliyemshonea binti wa Majengo?"

"Ni mimi, Sista."

"Mbona hukujibu barua yangu, akajibu mwenye duka?"

Jamani! Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza barua gani. Sista akageuka kumtazama Mzee aliyekuwa mlangoni, Mzee akatazama dari. Hakuwa mtu wa makelele yule mama. Akainama kama anakagua pindo la sketi, akaniambia polepole kwamba mwakani shule nzima inabadili sare, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kwamba ataniandikia baada ya Pasaka. "Uhakikishe unaipata," akasema.

Shule nzima! Kazi ile ingenitoa kwenye kibaraza cha watu, ingenipa chumba changu na cherehani cha pili. Nikiikosa, nitoboe matundu ya vifungo mpaka nizeeke. Na yote hayo yangekuja ndani ya barua moja, ambayo ingepita kwanza mkononi mwa Mzee.

Nililala na kuamka na jambo hilo. Nikafikiria simu. Simu ya mbali wakati ule ilitaka mapafu. Unaingia kibandani unapiga kelele, na foleni yote nje inajua mjomba wako anaumwa wapi. Nikafikiria kuwatumia watu wa treni, lakini hao wote walikuwa wanapita kwa Mzee kunywa chai. Telegramu nayo lazima karani aisome neno kwa neno, ndiyo kazi yake. Mwisho nikapiga moyo konde nikaenda posta kuomba sanduku langu mwenyewe.

Karani alikuwa Msukuma mrefu, mtaratibu, asiyecheka.

"Sanduku la ofisi gani, dada?"

"Ofisi ya sindano na uzi."

Hakucheka. Akanieleza kwamba masanduku yote yana wenyewe, akaandika jina langu kwenye orodha ya wanaosubiri. Kabla sijaondoka nikamuuliza kile kilichonipeleka hasa: nyie huku ndani barua za watu hamzisomi? Akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Dada, sisi tunatia kwa nyuma, wewe unafungua kwa mbele. Ya katikati hayatuhusu." Nikampenda palepale, na wala si kwa mambo ya kuoana.

Miezi nilisubiri. Kila siku ya treni nilipita kuuliza, karani akitikisa kichwa. Pasaka ikaja, ikapita, mimi bado niko kwenye orodha, na kila Mzee akirudi posta nilikuwa wa kwanza kuchakura ile katoni. Hakuna kitu. Wiki mbili baada ya Pasaka mwalimu mmoja akahamishwa, sanduku lake likabaki halina mtu, na karani akanipa fomu. Nikalipa kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati la jikoni kwa mama.

Mama akauona ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga.

"Umelipia sanduku? Na la Mzee la bure lipo? Unaficha nini, wewe mtoto?"

"Sifichi kitu, mama."

"Asiye na cha kuficha anataka sanduku la nini?"

"Mama, choo chetu mbona kina mlango?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, akaniambia kwa lugha yetu ya Kikonongo kwamba nina mdomo mchafu na umetoka kwa baba yangu. Lakini la bati hakulisahau, alinikumbusha mvua ziliporudi.

Sasa nikaandika barua ya kumpa Sista namba mpya. Nilipotaka kuifunga nikasita. Kwenye foleni ya posta hakukosekana mtu wa Mzee wa kukwambia, lete nikusaidie kuifikisha dirishani. Na gundi nilishaijua. Gundi ni uongo mtupu, mvuke wa birika unaitosha. Nikaitazama bahasha, nikakitazama cherehani changu. Nikachukua sindano iliyokwisha makali, maana karatasi inaua sindano nzuri, nikatia uzi mwekundu, nikaipiga bahasha mshono pande zote nne, mdogomdogo, karibu na ukingo. Karatasi ukiitoboa imetoboka. Atakayefumua ule mshono hawezi kushona tena juu ya matundu yaleyale bila kuonekana, hata awe fundi namna gani.

Karani aliigeuza mara mbili mkononi.

"Hii barua imeshonwa."

"Imeshonwa, kaka."

Akafikiri. "Haijakatazwa," akasema, akagonga mhuri juu ya uzi.

Habari za sanduku langu zilimfikia Mzee kabla sijafika kibarazani. Aliniita ndani, sauti ya upole, ile ya baba anayeumizwa na mtoto. "Nasikia umepata sanduku. Langu lina ugonjwa gani?"

"Halina ugonjwa, Mzee. Ni lako, basi."

"Na kibaraza ni cha nani?"

"Chako."

"Sawasawa," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Nilielewa. Nikakodi mkokoteni, nikapakia cherehani, pasi na kiti changu, nikapita navyo katikati ya Kashaulili saa sita mchana, watu wakinitazama. Wenzangu wanne waliinamia kazi zao, hakuna aliyeinua uso. Sikuwalaumu siku ile, ingawa moyoni niliwatukana mmoja baada ya mwingine. Nikaweka cherehani chini ya upenu wa nyumba ya mama, kule Majengo, nikaanza kushona viraka vya suruali na kuunga magunia.

Sanduku lilikuwa tupu. Wiki ya kwanza tupu, ya pili tupu. Nilikuwa naingiza mkono mpaka kiwiko, kana kwamba barua inaweza kujibanza kwenye kona. Wiki ya tatu nikaingiwa na hofu ya kweli. Sista alisema ataandika baada ya Pasaka. Ikiwa aliandika kabla ya kupata yangu, ameandika kwa namba gani? Kwa namba ya Mzee! Nilijiona mjinga wa wajinga. Nimelipa sanduku, nimefukuzwa kibarazani, na barua yenyewe huenda ilishapita kulekule nilikokukimbia.

Nikameza kiburi nikaenda dukani kuchakura katoni. Mzee alikuwa mchangamfu ajabu. "Tafuta, mwanangu, tafuta. Hapa si kwenu?" Akanipa na biskuti. Haikuwemo. Ile biskuti ndiyo iliyonitisha, kwa sababu miaka yote niliyokaa pale hakuwahi kunipa hata kipande cha chaki. Nyumbani mama akanishauri nikamwombe radhi, nirudi kwenye kibaraza kabla hajaweka mtu mwingine. Nililia siku hiyo, mchana kweupe, na suruali ya mtu mapajani. Lakini sikwenda.

Alhamisi moja nikafungua sanduku nikakuta bahasha nene ya kaki. Ilikuwa imeshonwa. Kwa mkono, uzi mweusi, mshono wa mtu aliyefundishwa na watawa wakali. Nilicheka peke yangu kabla hata sijaifungua. Nikaazima wembe kwa karani, nikaifumua palepale nimesimama.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa na jina langu chini, lakini mwandiko haukuwa wangu. Ulikuwa ule mwandiko wa kulalia kulia niliouona kila siku kwenye risiti za vitambaa. Ilisema: mimi fundi wako nasikitika kukujulisha kwamba nimepatwa na maradhi ya macho, sioni hata tundu la sindano, kwa hiyo kazi yako mpe mwenye duka, ni mtu mwaminifu sana. Mwaminifu sana! Nilisoma mara tatu.

Ya pili ilikuwa ya Sista. Aliandika kwamba aliniandikia kwa namba ya zamani mara tu baada ya Pasaka, kisha akasafiri. Aliporudi alikuta barua mbili mezani, zote zina jina langu. Moja inasema nimekuwa kipofu. Nyingine imeshonwa pande nne, na yeye amekaa nayo karibu na dirisha akaufuata ule uzi mwekundu kwa kidole kutoka kona mpaka kona, asione mshono hata mmoja uliopinda. "Mtu asiyeona hashoni hivi," aliandika. "Panda treni uje uwapime wasichana. Kazi yote ni yako."

Nilipiga kigelegele ndani ya posta. Karani akainua kichwa.

"Dada, hapa ni ofisini."

"Amejibu, kaka!"

"Vizuri," akasema. Nadhani alitabasamu, ila siwezi kuapa.

Busara ingenipeleka nyumbani. Mimi nikaenda dukani. Ilikuwa saa ya wateja wengi, kibaraza kimejaa, Mzee mwenyewe amesimama mlangoni na tepu shingoni. Sikusalimia.

"Mzee, macho yangu yamepona!"

"Macho gani?"

"Haya ninayokutazama nayo."

Nikampa ile karatasi yake. Aliitambua kabla hajaifungua, nikaona midomo inamkauka. Akaanza kusema kuhusu vijana wa siku hizi na kukosa shukrani. Sikumsikiliza. Nikamnyang'anya fundi wa karibu sindano na uzi, nikasimama juani ambapo kila mtu ananiona, nikatunga uzi mara moja, bila hata kuulamba. "Mmeona? Tundu la sindano hilo, nimeliona!" Mteja mmoja akauliza kuna nini. Fundi mkubwa wetu, baba wa watu ambaye siku naondoka aliinamia kazi kuliko wote, akasimama akawasimulia mwanzo mpaka mwisho, na la yule mfugaji akalitia. Kicheko kilichozuka pale kilitoka mpaka sokoni. Mzee akaingia nyuma ya pazia la stoo, na siku ile hakutoka tena. Watu wakaanza kuchukua barua zao kutoka kwenye katoni, hata za jirani zao wakawachukulia wawapelekee.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilifurahi vibaya sana, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi tena.

Niliwapima wasichana wale siku tatu mfululizo. Nikarudi na majora, na yule fundi mkubwa na mwenzake mmoja wakaja kushona nami Majengo, chini ya upenu wa mama. Mama akawa anapika kwa sufuria la msiba. Tulimaliza kabla ya muda. Nikapanga chumba, nikanunua cherehani cha pili, na mama akapata bati lake.

Watu walianza kuja kwangu. Tunaomba tuandikiwe kwa namba yako, wewe tunakuamini. Niliwakatalia wote, na wengine walinuna. Nilijijua. Nikianza kuwapokelea watu barua zao, nitanunua katoni, na nikishakuwa na katoni nitaanza kuchungulia. Nikawaambia waende wakaandike majina posta, na karani akaniambia orodha yake imefika ukurasa wa pili. Kushona bahasha niliwashonea bure, yeyote aliyekuja.

Ndipo asubuhi moja, nikiwa nakata kitambaa, akaja mke wa Mzee. Alikuwa mama mnene, mpole, aliyekuwa akituletea chai kibarazani miaka yote bila kusema zaidi ya karibuni. Alisimama mlangoni akatazama nyuma, akaingia, akatoa bahasha kifuani. Alikuwa ameigandisha kwa gundi, na juu ya gundi akabandika plasta ya kidonda.

"Nasikia unashona barua."

"Nashona, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Ni ya dada yangu, yuko Kigoma. Tangu niolewe sijawahi kumwambia neno ambalo mwenye nyumba hakulisoma kwanza. La kwenda analisoma, la kurudi analisoma."

Nikabadili sindano, nikaingiza bahasha chini ya mguu wa cherehani, nikamuuliza pande ngapi.

"Zote nne. Ukimaliza, rudia."

Nikashona, nikarudia. Aliishika akazipapasa kingo zake kwa kidole gumba, polepole, mara mbili. Kisha akaniuliza jibu dada yake aliandike kwa namba gani, na macho akayaweka chini, maana alishasikia kwamba watu wote nimewakatalia.

Posta walikuwa wamenipa funguo mbili. Wa pili ulikuwa ndani ya kopo la vifungo, haujawahi kutumika. Nikaumwaga mezani pamoja na vifungo, nikauokota, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia aende afungue mwenyewe, siku yoyote, na zangu akizikuta aziache mlemle.

"Na wewe ukiikuta yangu?" akauliza.

"Nitaiacha, mama. Si yangu."

Alivifumba vidole vyake juu ya ufunguo. Halafu akaufunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno, akashika njia ya posta.